Sindano ya Kifuani

"Ngapi?"

"Sifuri."

"Fundi, hebu nitazame usoni. Ngapi?"

"Sista, nikuambie mara ngapi? Sifuri. Andika uende zako ukapumzike."

Muuguzi hakuandika upesi. Alisimama kando ya kitanda na kalamu yake, akamtazama mwanamke aliyelala mbele yake kama mtu anayetazama sufuria iliyofunikwa huku anasikia inatokota. Wagonjwa wa wodi ile walikuwa wamembandika jina, Sista Ngapi, maana kazi yake ilikuwa hiyo: kupita kitanda kwa kitanda akiwauliza wanawake waliotoka kukatwa saratani ya ziwa maumivu yao yamefika namba ngapi. Sifuri, huumwi kabisa. Kumi, unamwita mama yako hata kama alishazikwa.

"Na jasho hilo la nini?"

"Joto."

"Joto gani, na mwenzio hapo kajifunika mablanketi mawili?"

Mwenzio huyo, mama wa kitanda cha pili, akatoa kichwa ndani ya mablanketi. Naye alikuwa amekatwa siku ileile. "Mwache Fundi wa watu, njoo uniulize mimi. Mimi kumi na mbili."

"Mama, jana nilikuambia mwisho ni kumi."

"Basi niazime vidole vyako viwili. Mimi nikiumwa sina haya. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Wodi ikacheka. Sista Ngapi akaandika sifuri ya Fundi, kwa kuwa sheria ya kazi ile ilimtaka aandike anachoambiwa, si anachokiona. Lakini alipokuwa akiondoka aligeuka mara mbili.

Fundi akafumba macho. Upande wake wa kushoto, pale palipokuwa na ziwa na sasa pana bandeji, palikuwa panaungua kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Moto ulianza jioni ile aliyozinduka. Ulikuwa unatoka chini ya kwapa, unazunguka mpaka mgongoni, ukifika begani unatulia kidogo kama mgeni anayepumzika kabla ya kupanda ngazi, halafu unaanza upya. Dawa kali, mofini, ilikuwepo. Angetaja namba kubwa tu, Sista angekimbia kuileta. Hakuitaja. Usiku aliuma pembe ya mto, asubuhi akaugeuza mto ili wasione meno.

Alifanya hivyo kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa daktari wa ganzi wa hospitali ileile. Fundi alikuwa mshonaji wa hospitali. Chumba chake kilikuwa nyuma ya dobi, chenye cherehani mbili na mlima wa shuka za kijani, zile zenye tundu katikati ambalo daktari wa upasuaji hupitishia mkono na kisu. Fundi ndiye aliyepinda kingo za matundu yale. Miaka mitano tangu azike mume wake alikuwa amekaa pale, anashona, anaomba Mungu, hana neno na mtu. Siku moja daktari akaja na koti lililochanika mfuko. Wiki iliyofuata akaja na mfuko mwingine. Ukafuata mkono wa koti. Fundi akaukagua, akautazama tena, akamtazama na mwenye koti.

"Daktari, hapa hapajachanika. Hapa pamekatwa kwa mkasi."

"Kweli?"

"Kweli. Nani kapakata?"

"Mtu asiyejua njia nyingine ya kuja chumba hiki," daktari akajibu, na masikio yakamwiva kama ya mtoto.

Ndivyo walivyoanza. Alikuwa mwanamume mpole, asiyepaza sauti, mwenye vidole virefu na macho ya mtu anayesikiliza. Alimwita Fundi wangu, na namna alivyolivuta lile neno la pili, Fundi alikuwa analala nalo. Lakini alipopeleka habari kwa mama yake, mama akaweka kikombe chini. "Mjane? Kwani wasichana wameisha nchi hii?" Hawajakaa sawa, Fundi akagundua uvimbe. Mama akasema sasa ndiyo basi kabisa, na asisikie neno mchumba likitamkwa mbele za watu. "Tumngoje apoe," daktari akamwambia Fundi. Wakangoja, na uchumba wao ukabaki siri, wakawa wanapishana kwenye korido kama watu wanaodaiana salamu tu.

Siri hiyo ndiyo iliyozaa kosa.

Daktari alikuwa na kazi ya utafiti aliyoihangaikia kwa muda mrefu. Wanawake wanaokatwa ziwa huchomwa sindano ya ganzi kabla ya kulazwa usingizi, ili wakiamka wasiteseke. Ya zamani huchomwa mgongoni, karibu na uti, na inataka mkono wa mtaalamu kwelikweli, maana ikikosea kidogo imefika kwenye mapafu. Yeye alikuwa na nyingine, ya kifuani, inayopita katikati ya misuli huku mchomaji anaiona kwenye kioo cha mashine. Hiyo, alisema, hata hospitali ndogo isiyo na mtaalamu itaiweza. Kilichobaki ni kuzishindanisha. Wagonjwa walipigiwa kura, wengine mgongoni, wengine kifuani. Kila mmoja alibandikwa plasta sehemu zote mbili ili asijue alichomwa wapi. Sista aliyeuliza namba hakujua pia. Na aliyechoma sindano hakuruhusiwa kukanyaga wodini mpaka kuuliza kuishe, asije akawatia wagonjwa maneno mdomoni.

Zamu ya Fundi ilipofika, daktari alipaswa kumwambia mkubwa wake, huyu ni mchumba wangu, mwondoeni kwenye hesabu, achomwe na mtu mwingine. Angesemaje, na mama yake alishalipiga marufuku neno lenyewe? Fundi naye alikuwa amemwambia, "Sitaki mkono mwingine unishike." Basi akamchoma yeye. Na pale, Fundi akiwa amekaa na mgongo wazi anatetemeka kwa hofu, daktari akainama sikioni kwake akasema lile ambalo mgonjwa hakutakiwa kulijua.

"Usiogope, Fundi wangu. Kura imekuangukia ya kifuani. Hii ndiyo yangu."

Kwa neno hilo Fundi alilala usingizi. Alipozinduka na moto ukaanza, akajiambia, nikitaja namba kubwa nitakuwa namtaja yeye. Mwanamke anayependa ana ujinga wake, hata awe mcha Mungu namna gani.

*

Daktari alikuja asubuhi ileile, kuuliza namba kulipokwisha, siku ya kwanza aliyoruhusiwa kuingia wodini. Fundi alizijua hatua zake kabla hajatokea mlangoni. Akajipangusa jasho kwa shuka, akavuta kitambaa cha kichwa kikae sawa, akamgeuzia upande wa kulia ambao ulikuwa mzima. Alikuwa na hamu ya kitu kimoja tu, macho yake. Alitaka kujua yatatua wapi kwanza, usoni au kwenye bandeji.

Yalitua kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda.

"Sifuri!" daktari akasema, akavuta pazia la kitanda, akakaa. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Sifuri mwanzo mpaka mwisho, Fundi wangu! Katika wote hakuna aliyefika hapo."

"Hujambo, Daktari," Fundi akasema.

"Aa. Sijambo. Hujambo wewe?"

"Namshukuru Mungu."

"Unajua mkubwa wangu kaniita? Kaona namba. Anataka nisimame mbele ya madaktari wa hospitali nyingine niwaeleze. Wapo ambao wako tayari kuanza kuitumia mara moja."

"Kuitumia nini?"

"Kuitumia sindano. Kwa wanawake kama wewe." Akamshika mkono, akausogeza karibu na shavu lake. "Na hujasikia lililo kubwa. Mama yuko hapo nje."

Mkono wa Fundi ukakaza. "Jana alikuja. Alikaa kwenye kile kiti, karibu na mlango, kama anayengoja gari. Akaniambia, bibie, umeona? Keshakuchoma sindano yake, kazi imekwisha, harudi."

"Hakujua sheria ya kazi. Msamehe. Leo nimemwambia yote, nimemwambia kazi imefaulu na wewe ndiye namba bora kuliko wote. Ametulia kidogo, halafu unajua kasema nini? Kasema, basi huyu mwanamke ana heri na wewe. Amekubali, Fundi! Atakuja kwenu na wazee, mchana kweupe. Kakubali kwa mdomo wake."

Fundi alimtazama. Aliyaona macho yale aliyoyangoja, sasa yalikuwa yake peke yake, mazuri, yana maji ya furaha. Alikuwa ameyaombea kwa magoti. Ameyaombea kwenye chumba cha nyuma ya dobi, cherehani ikiwa imezimwa ili Mungu asikie vizuri. Na sasa yamekuja, yamekuja juu ya sifuri.

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi."

"Mbona mkono wa baridi hivi?" Vidole vyake virefu vikahamia kwenye kifundo cha mkono wenyewe, kama vilivyozoea. Vikatulia hapo. Tabasamu likaanza kumtoka taratibu. "Fundi, mapigo yako yanakimbia."

"Ni furaha."

"Furaha haikimbii hivi." Akanyoosha kidole kimoja, akagusa polepole sana ubavuni, chini ya bandeji. Fundi akavuta pumzi kwa meno, na kiwiliwili chake chote kikajikunja kama karatasi iliyotupwa motoni.

Daktari akaondoa kidole.

"Inauma?"

"Unaniuliza kama daktari au unaniuliza kama wewe?"

"Kama mimi."

"Basi inauma. Inauma tangu jioni ile nilipofumbua macho. Hiyo sindano yako, sijui kama ilinishika hata kwa muda wa saa mbili. Nimeuma mto huu, ugeuze utaona."

Hakuugeuza. "Lakini ulisema sifuri."

"Ulisema ni yako."

Daktari akauachia mkono wake. Akakaa na viwiko magotini, uso ndani ya viganja. Fundi akangoja. Alikuwa anangoja neno dogo sana, ambalo hata mpita njia asiyekujua hukupa ukijikwaa mbele yake. Pole. Basi. Angelisema tu, Fundi angesamehe mengine yote, na pengine historia ya maisha yao ingepinda kona nyingine.

"Umeniharibia kazi, Fundi," daktari akasema.

"Nimekuharibia?"

"Kwa nini hukusema? Si ungesema! Dawa ilikuwepo, Sista alikuwepo, mdomo unao!"

"Sauti, Daktari. Wodi ina watu."

"Namba yako moja ingekuwa mbaya, basi, ingekuwa mbaya. Sasa ni ya uongo. Namba mbaya naiweka na nyingine. Ya uongo naiweka wapi?"

"Na wewe uliyeninong'oneza kura? Mimi ningejuaje kama ni yako? Si ungenyamaza nikaumwa kama wenzangu, nikapiga kelele kama wenzangu?"

Daktari akainuka, akatembea ndani ya pazia, hatua mbili huku, hatua mbili kule, hapakuwa na nafasi zaidi. Aliposimama, sauti yake ilikuwa imeshuka na imebadilika. Fundi hakuipenda.

"Sikiliza. Sista kaandika alichoambiwa. Hakuna anayejua isipokuwa mimi na wewe. Dawa ya maumivu nitakuletea mwenyewe, utameza, utapona."

"Na namba?"

"Ibaki."

"Ibaki sifuri?"

"Ni mtu mmoja, Fundi. Mmoja kati ya wengi. Haibadilishi kitu."

"Kama haibadilishi kitu, mbona umeacha kupumua?"

Pazia likafunguka. Aliingia mama yake Daktari, mwanamke mrefu, mkavu, mkoba umebanwa kwapani. "Mnanong'ona nini, kama watoto walioiba sukari?"

Mwanawe akamweleza. Alimweleza kwa sauti ya chini, haraka, bila kumtazama Fundi. Fundi akamsikia akisema "hakuisema namba ya kweli," akamsikia akisema "wakijua nilimwambia kura wataifuta kazi yote," akamsikia akisema "na cheo nitanyang'anywa." Hakumsikia akisema kwamba mtu ameungua siku zote zile.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaacha kiti, akakaa pale kitandani kwa Fundi, akamwekea kiganja pajani.

"Mwanangu," akasema.

Neno hilo! Mama mzazi wa Fundi alikuwa amekufa Fundi angali mdogo, na tangu hapo hakuna aliyemwita hivyo kwa kumaanisha.

"Mwanangu, nisikilize. Mimi nimezaa wanne nikiwa nimeuma nguo, hata jirani hakujua. Sisi wanawake tunaumwa, tunanyamaza, tunaamka tunafagia. Wewe lililokuwa gumu umeshalimaliza. Lililobaki ni rahisi, kunyamaza tu. Funika kombe mwanaharamu apite. Wiki ijayo mimi na wazee tuko kwenu. Nitakulelea kidonda chako kama mkwe wangu, mbele ya watu."

"Mama, jana uliniita bibie."

"Jana ilikuwa jana."

"Na ikiwa leo sitanyamaza, kesho nitakuwa nani?"

Mama akaondoa kiganja. "Mtu mwenye akili haulizi swali ambalo jibu analijua."

"Samahani, jamani," ikasikika sauti nyuma ya pazia. Alikuwa mama wa kitanda cha pili. "Sikusudii kusikiliza, lakini pazia si ukuta. Naomba kuuliza. Mimi nilichomwa ipi?"

Daktari akageuka kulitazama pazia.

"Daktari, si wewe uliyenichoma? Nimetaja nane nikapewa dawa, nimetaja tisa nikapewa dawa. Nauliza tu, maana dada yangu naye kapimwa, kakutwa na uvimbe kama wangu. Atakatwa huko kwao, hospitali ndogo. Atachomwa ipi?"

"Mama, pumzika," daktari akasema.

"Napumzika, baba. Nipumzike wapi tena, na nimelala?"

Fundi akamtazama daktari. Hakuwahi kumwona mwanamume mwenye haya vile, wala hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile, na hilo ndilo lililokuwa chungu. Angekuwa mwovu ingekuwa rahisi. Alikuwa ndiye yuleyule aliyejikatia koti kwa mkasi.

"Umemsikia?" akamuuliza polepole. "Umemkwepa, basi naye ni wa kifuani. Nane yake huyo mama umeichanganya na sifuri yangu, ikawa ndogo. Utakwenda kusimama mbele ya watu, useme wanawake hawa hawakuumwa sana. Halafu dada yake atachomwa, ataamka anaungua, atawaambia naumwa, nao watamwambia haiwezekani, sindano hii huzuia maumivu, imeandikwa. Watamwona mwongo. Nani atakuwa mwongo hapo?"

"Ya kifuani si mbaya, Fundi! Wengine imewashika vizuri."

"Basi kwa nini unaihitaji sifuri yangu?"

"Kwa sababu haikuwashika wote!" Ikamtoka kwa nguvu, na baada ya kumtoka akabaki mdomo wazi, kama mtu aliyedondosha kitu kisimani.

Mama yake akamshika mkono. "Nyamaza sasa. Umeshasema ya kutosha."

"Hapana, Mama, mwache," Fundi akasema. "Nataka kumuuliza la mwisho. Wewe. Usimtazame mama yako, nitazame mimi. Mama yako kasema, nimemsikia. Wewe unasemaje?"

Daktari alimtazama. Macho yake yalipita usoni kwake, yakashuka kwenye bandeji kwa mara ya kwanza, yakakaa hapo kidogo kana kwamba sasa ndiyo yanaiona, halafu yakaenda kwenye ile karatasi miguuni pa kitanda.

"Nakuomba, Fundi wangu," akasema. "Nakuomba unyamaze."

Aliyavuta yale maneno mawili kama zamani. Fundi akayapokea, yakaingia, hayakukuta pa kukaa.

Akafumba macho. Aliomba kidogo tu, bila maneno mengi, maana aliona Mungu amekaa naye pale tangu mwanzo na ameshasikia yote. Alitaka kumwomba njia ya tatu, abaki na mwanamume huyu na ukweli pia. Akatafuta moyoni kama njia hiyo ipo. Akapekua kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko anaoujua mtupu. Akafumbua macho.

"Sista!"

"Usimwite," daktari akasema.

"Sista!"

"Fundi, ukimwita sina pa kusimama. Na mimi na wewe..."

"Malizia."

Sista Ngapi alikuwa ameshalifungua pazia. Akawatazama wote watatu, mmoja mmoja, na akabaki mlangoni mwa pazia lile, bila kuingia.

"Nimesikia naitwa."

"Sista, nilikudanganya," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, lakini haikutetemeka. "Tangu jioni ile mimi ni tisa. Kuna saa nilikuwa kumi. Sifuri zote hizo ni za uongo, zifute. Na huyu aliniambia kura yangu kabla hajanichoma. Aliniambia kwa sababu alinihurumia. Alikuwa mchumba wangu."

"Alikuwa," Sista akarudia taratibu, kama anayehakikisha kipimo cha dawa.

"Alikuwa."

"Nilijua kuna kitu. Mapenzi kikohozi, yule akipita koridoni wewe unainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka." Akasita. "Fundi, una hakika niandike?"

"Andika, Sista."

Mama yake Daktari akainuka, akakung'uta nguo pale alipokuwa amekaa, kana kwamba kitanda kilikuwa na vumbi. "Moyo wangu uliniambia," akasema, si kwa hasira bali kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi ya zamani. "Mume wa kwanza kamzika amekufa. Huyu wangu kamzika mzima. Shika kidonda chako, bibie."

Akatoka. Viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa wodi.

Daktari alibaki amesimama. Fundi alimwona akimeza mate, akivuta koti lake likae sawa mabegani, akijikusanya kipande kwa kipande, na alipomaliza kujikusanya alikuwa mtu mwingine, au ndiye yuleyule wanayemjua watu wote hospitalini. Akaichukua ile karatasi miguuni pa kitanda, akampa Sista.

"Mpe mgonjwa mofini," akasema. "Kwenye mshipa, kidogo kidogo. Kaa naye, umwangalie anavyopumua."

"Sawa, Daktari."

"Mimi naenda kwa mkubwa. Nitamwambia mwenyewe."

Alisema kwa ile sauti yake ya upole ambayo huwasemea wagonjwa wote, kitanda hiki na kile. Hakukuwa na chuki ndani yake. Hakukuwa na kitu chochote. Akafungua pazia akaenda, na mara hii hatua zake hazikufanana na za mtu yeyote ambaye Fundi alimfahamu.

Alikuwa amesema kweli, na kweli yake ingeandikwa mahali, ikawafaa watu asiowajua. Hilo alilijua. Lakini mchana ule halikumfariji hata kidogo. Mgonjwa. Miezi yote ile alikuwa Fundi wangu, na imetosha pumzi moja kuwa mgonjwa.

Sista Ngapi akaja na dawa. Akaisukuma polepole, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuuliza kitu. Nyuma ya pazia mama wa kitanda cha pili alikuwa ananong'ona, "Pole, mwanangu. Pole sana. Pole."

Dawa ikapanda mkononi, ya baridi, ikafika begani, ikashuka kifuani. Moto ukapungua, ukawa kaa, kaa likawa jivu. Kwa mara ya kwanza tangu azinduke, Fundi aliweza kuvuta pumzi bila kuiogopa. Akaivuta yote mpaka chini kabisa, na pumzi hiyo ndiyo aliyoitumia kulia.